Nukta ya Kijani ya Nabintu

Naguru, Kampala
12 Mei

Kwako yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako Benedicte. Natumaini wewe na mama hamjambo huko Bukavu, na goti lake limepoa. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio unaolalamika, nao ulizaliwa mlalamishi, unaujua. Hii ni barua ya nne. Tatu hukuzijibu, na sikulaumu, maana niliondoka bila kukuaga.

Mama anasema hujui nafanya kazi gani. Nachora mtandaoni grafu ya bei za vyakula ambayo watu wengi huibadilisha kwa wakati mmoja, kila mtu kwa simu yake: wauzaji wa soko la Kalerwe, wenye maduka wa Kikuubo, na mimi chumbani kwangu. Kila mtu ana nukta ya rangi yenye jina lake. Ukiituliza nukta yako juu ya mahindi, wengine hawawezi kuyagusa mpaka uondoke. Kanuni hiyo niliitunga mimi, watu wasigombane. Nashinda nao kutwa, na sijui sura ya hata mmoja.

Juzi grafu ilikwama. Mama Docus wa Kalerwe aliandika kwamba tangu asubuhi anamsubiri Nabintu amalize na maharagwe, kwani si adabu kumharakisha mtu, ila sasa huyo dada ameyakalia kama kuku anayeatamia. Joska wa Kikuubo akauliza kama Nabintu anaumwa. Alal, msimamizi wetu, akataka kujua Nabintu ni nani.

Yaya, ni wewe. Nilifungua akaunti kwa jina lako tangu Januari, nikakupa kijani cha kile kitenge chako. Kila asubuhi nawasha simu ya pili, nakuweka karibu na nukta yangu, ndipo naanza kazi. Siku hiyo nilikusahau juu ya maharagwe. Upweke ndio umenifikisha huko.

Alal nimemweleza ukweli. Hakunicheka, ila alisema nukta isiyo na mtu itafutwa Ijumaa ya wiki ijayo. Basi neno la siri nimeliandika nyuma ya karatasi hii, na jirani yangu Elie anakuletea mkononi. Ijumaa hiyo saa nane mchana, kwenu saa saba, simu ya pili nitakuwa nimeizima. Sikuombi maneno. Sogeza maharagwe kidogo tu, hata ukikosea bei.

Msalimie mama, goti alikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako, nitakayekuwa nimeketi nikitazama maharagwe,

Benedicte