Seni Bartolomeo, Aliyezitunza Blogu za Chuo

Mwaka umetimia, Seni, tangu ututoke. Mvua zimerudi Iringa, mpunga umesimama tena kwenye majaruba ya Ubaruku, na watu bado wanatuuliza ilikuwaje. Tumeamua kukuandikia wewe, na wao wasome. Anayeandika ni mdogo wako Marta, ila maneno ni ya nyumba nzima.

Ulizaliwa Rujewa, baba na mama wakiwa wameshahamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Ulichunga, ukasoma, ukaenda chuo Iringa, na ulipomaliza wakakubakiza kazini. Kazi yenyewe sisi hatukuielewa vizuri. Mama akiulizwa alikuwa anajibu, “Anatunza maandishi ya watu kwenye kompyuta,” na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Chuo kina huduma ya blogu: kila mwanafunzi na kila mwalimu hupewa ukurasa wake, anaandika anachotaka, watu wanasoma popote walipo. Wewe ndiye uliyekuwa ukiiendesha, ukiitengeneza ikiharibika, ukiwahangaikia wanaoitumia.

Kila asubuhi kabla hujanywa chai ulifuta matangazo ya waganga wa kusafisha nyota, waliokuwa wakijibandika usiku kucha chini ya maandishi ya watu. Mwalimu akisahau nywila alikupigia wewe, hata Jumapili ukitoka kanisani. Tulikuwa tunakusikia: “Bonyeza pale chini, mwalimu. Chini zaidi. Hapana, hapo umezima.” Hukuwahi kumpandishia mtu sauti. Ukitaka kuzima mtambo kwa matengenezo uliwatangazia watu mapema, na mwisho wa tangazo uliandika, “Samahanini sana. Kanyweni chai kwanza.”

Aliwahi kuja mzee mmoja kutoka Tosamaganga, binti yake alikuwa amefariki akiwa bado mwanafunzi. Alikuwa amesikia kwamba mtoto aliacha maandishi chuoni. Ulimkalisha ofisini kwako ukamsomea yote mpaka mwisho, mwenyewe ukiwa unafuta machozi. Akaunti ile hukuifunga. Ulituambia, “Mimi natunza nyumba za watu. Sina ruhusa ya kubomoa ya mtu yeyote.”

Ndipo yakaja ya Ubaruku.

Ng'ombe waliingizwa kwenye mpunga mchana kweupe. Wenye mashamba wakatoka na mapanga, wachungaji wakawangoja na fimbo na mashoka. Watu waliumia pande zote mbili. Wapo waliovunjwa mikono, yupo aliyepoteza jicho. Kijana mmoja mkulima, Benjamini, alikuwa ameshaanguka na ameshaomba asamehewe. Watu watatu wakamrudia pale pale chini wakamkatakata hadi maji ya jaruba yakawa mekundu. Dada yake, Evarista, mwanafunzi wa chuo chenu, alikuwa likizo nyumbani. Alilala kifudifudi nyuma ya tuta, kidevu kwenye matope, akaona kila kitu. Aliwaeleza polisi, lakini wale watu walikuwa wameshatoweka. Aliporudi chuoni akayaandika yote kwenye blogu yake, na majina ya watu watatu akayaweka. La kwanza lilikuwa la Mwigulu, mtoto wa mama yetu mdogo Catherine.

Uliyasoma ukiwa ofisini. Mkeo Tumpe anasema ulimweleza kwamba ulitoka nje, ukarudi ndani, ukampigia yule binti.

“Dada, uliona kwa macho yako?”

“Niliona, kaka. Hata sauti yake naijua. Alikuwa anacheka.”

“Haya. Yaache yakae.”

Kisha ukampigia Mwigulu. Simu yake ya kawaida ilikuwa imezimwa, ukaitafuta nyingine mpaka ukampata. Ulimwambia aende polisi mwenyewe, na kwamba ungemsindikiza. Alikukatisha.

“Futa kwanza hayo maneno.”

“Si yangu, Mwigulu. Ni ya aliyeyaandika.”

“Funguo anazo nani?”

“Ninazo mimi.”

“Basi ni yako. Na kitakachotokea ni chako.”

Habari ilifika Rujewa kabla yako. Uliposhuka kwenye basi baba alikuwa amekaa uani na wajomba, hakuna aliyekukaribisha kiti. Baba alisema mbele ya wote, “Mwigulu alinyonya kwa mama yako wakati mama yake yuko hospitali. Mlilala ngozi moja. Leo unamtangaza dunia nzima?” Ulibaki umesimama. Ulimjibu kwa sauti ya chini, “Baba, ndiyo maana nimemtafuta mimi kabla polisi hawajampata. Lakini yule kijana aliomba, akakatwa akiwa anaomba. Nikifuta, na mimi nitakuwa nimeshika panga.” Mjomba mmoja alikuzaba kofi hadi miwani ikaruka. Uliiokota, ukaifuta kwa shati, ukamuaga mama, ukaondoka bila kula.

Tangu siku hiyo wewe na Tumpe hamkupata amani Iringa. Vitisho vilikuja kwenye simu kila siku. Mbwa wenu alikutwa mlangoni amekatwa shingo. Jiwe lilipita dirishani likaangukia pale binti yenu Blessing alipokuwa akicheza muda mfupi kabla. Ulimpeleka mtoto na mama yake Mbeya kwa wazazi wa Tumpe. Ulipofika huko ulipita pia kwa Ezron, rafiki yako anayetunza mitambo ya chuo kingine, ukamwachia nakala ya blogu zote, ukamwomba awe anapokea na nyingine kila wiki. Tumpe alikushika mkono stendi asikuachie.

“Baba Blessing, kwa nini usikae hapa na sisi mpaka yapoe?”

“Nani atabaki na watu wangu wa blogu?” ulimwambia. “Evarista yuko kule peke yake.”

Walikuja mchana, mvua ikinyesha kubwa. Evarista alikuwa ofisini kwako kubadilisha nywila, kwa sababu kuna mtu alikuwa anajaribu kuingia kwenye ukurasa wake. Mliwaona dirishani: Mwigulu mbele na wenzake wawili nyuma, wamevaa makoti marefu ya mvua, wanauliza watu njia. Hukuwa na pa kumtolea, korido ilikuwa moja. Ulimsukuma ndani ya chumba cha seva, kile chenye mlango wa chuma, ukafunga kwa nje, na ufunguo ukautupa kwenye majani kupitia nondo za dirisha. Mengi tunayajua kutoka kwa Evarista, mengine yalisemwa mahakamani. Aliyasikia akiwa amejibanza gizani kati ya mashine.

Anasema uliwasalimu. Uliita, “Karibu, Mwigulu,” kama anavyokaribishwa mgeni nyumbani.

“Yule malaya yuko wapi?”

“Hapa nipo mimi.”

“Fungua huo mlango.”

“Ufunguo sina.”

Akasikia meza inapinduka. Wakakupiga kwa fimbo kwanza, za miguu na za mgongo, na kila fimbo Mwigulu alirudia neno moja, “Futa! Futa! Futa!” Evarista aliziba mdomo kwa kanga yake asilie. Anasema ulipiga kelele, Seni, uliumia kama anavyoumia mtu yeyote, na hatutaki kuandika kwamba ulikuwa jabali. Ulilia ukamwita mama. Lakini kila walipokuburuta pembeni ulirudi ukaegemea mlango ule ule. Alikuwa anasikia mgongo wako unagonga chuma upande wa pili. Mwisho Mwigulu alitoa shoka chini ya koti. La kwanza lilikupata begani. La pili lilikupata kichwani. La tatu alilirusha kwa hasira kwenye mlango, likakata nyaya zilizokuwa zinapita juu, ukatoka moto, umeme ukazimika jengo zima. Blogu zote za chuo zikapotea hewani wakati ule ule.

Kelele za moto ndizo zilizowaleta watu. Wanafunzi waliingia na viti na mawe. Wawili walikimbia wakakamatwa getini, wakapigwa vibaya mpaka polisi wakawaokoa. Mwigulu hakukimbia. Walimkuta amekaa sakafuni, kichwa chako kwenye mapaja yake, anajaribu kurudisha damu ndani kwa viganja vyake, anaita, “Seni, Seni, amka twende nyumbani.” Wakamvunja taya na mkono. Hilo nalo tumeliandika kwa sababu lilitokea.

Hospitali ulipata fahamu mara moja tu. Tumpe alikuwa ameshafika kutoka Mbeya. Ulimuuliza, “Evarista ametoka?” Alipokujibu kwamba watu walivunja mlango wakamtoa salama, ukafumba macho tukadhani umelala. Ukasema tena, pole pole, “Mwambie Ezron ile nakala ya mwisho ni nzima. Asiogope kuirudisha.” Hukusema jingine. Mama alifika kutoka Rujewa akakukuta umefunikwa. Aliifunua shuka mwenyewe, akakushika ule uso uliovimba usiofahamika tena, akakuita, “Ng'wanawane, mwanangu, ni mimi,” mpaka wauguzi wakamtoa.

Tulikuzika Rujewa. Wakulima wa Ubaruku walikuja na magunia ya mchele, wamekaa mbali, wanaogopa. Mama yake Benjamini alikuja, akalala kifudifudi juu ya udongo wa kaburi lako akalia kuliko baadhi yetu. Tulidhani damu imekwisha kumwagika. Kumbe vijana wa ukoo wetu walikuwa wameshakaa pembeni na madumu ya petroli. Waliondoka msibani kwa kelele kwenda kuichoma nyumba ya mama mdogo Catherine, na yeye alikuwa amejifungia ndani.

Mama yako alikuwa na kanga ya msiba na miguu mitupu. Alikata kati ya mashamba, akaanguka, akainuka, akafika kabla yao. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa mdogo wake. Mawe yalikuwa yameanza kurushwa. Moja lilimpasua paji la uso, na kovu lipo hadi leo. Hakusogea. Damu ikimshuka machoni akawaambia, “Haya, chomeni. Humu tuko wawili.”

Aliyekuwa ameshika kiberiti ni yule mjomba aliyekuzaba kofi. Kilimponyoka, njiti zikamwagika chini. Baba alifika anahema, akamnyang'anya dumu, akalimwaga mfereji wa barabarani, akarudi msibani. Mama naye aliinuka akaenda zake. Ule mlango hakuugonga, wala hakumsalimu mdogo wake.

Ezron aliyarudisha yote tukiwa bado matangani. Siku blogu zilipofunguka, watu walianza kuandika habari zako: yule mwalimu wa nywila, wanafunzi waliohitimu zamani, hata yule mzee wa Tosamaganga, aliyeandikiwa na mjukuu wake. Maneno ya Evarista kuhusu kaka yake yapo pale pale yalipokuwa. Ezron, anayezitunza sasa, anasema asubuhi anaanza na waganga wa nyota, maana wao hawajui kwamba umekufa.

Evarista amehitimu. Kesi mbili, ya Benjamini na ya kwako, ziko mahakamani, na ameshatoa ushahidi kwenye zote akiwa amesimama hatua chache kutoka kwa Mwigulu. Blessing ameanza shule Mbeya. Anauliza kama shoka linauma, na Tumpe anamjibu ukweli, kwamba linauma sana.

Baba amezeeka ghafla. Haongei habari za Mwigulu wala haruhusu zitajwe. Kuna siku tulimkuta amesimama zizini, ameshika ile ngozi mliyokuwa mnalalia ninyi wawili mkiwa wadogo, anaikata vipande kwa kisu, na kila alipokata alitua kwanza akavuta pumzi. Hatukumzuia.

Juzi, tulipokuwa tumekaa uani tunapanga tangazo hili, mama mdogo Catherine aliingia. Alikuwa hajakanyaga hapa tangu msiba. Amekonda, nguo zinamning'inia. Alisimama jua kali, hakuomba kiti, akasema, “Dada, nimesikia mnaandika habari za mtoto wetu. Nimekuja kuuliza kama jina langu linaweza kuwekwa. Mkikataa nitaondoka.”

Baba aliinuka akaenda zizini. Tumpe, aliyekuja kutoka Mbeya kwa ajili ya misa, alimvuta Blessing akamshika kwa nguvu. Mama alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Aliendelea kuchambua, anatoa chuya moja, anatoa nyingine, hadi tukadhani hakusikia.

“Marta,” akasema bila kuinua kichwa. “Mwandike.”

Kisha akamsogezea mdogo wake nusu ya mkeka, na wakachambua wote.

Wanaokulilia, Seni, ni mke wako Tumpe na binti yako Blessing; baba yako Bartolomeo, ambaye amekataa kusomewa tangazo hili lakini hajatukataza kulitoa; mama yako Esther; mdogo wako Marta; rafiki yako Ezron wa Mbeya; Evarista na nyumba nzima ya marehemu Benjamini, Ubaruku; na mama yako mdogo, Catherine.

Hatutakusahau, kaka, siku zote tutakazoishi.