Chupa ya jeli mbele ya Papa Léonard

Kalemie, Jumapili alasiri. Joto tangu asubuhi, ziwa halitoi hata upepo, na mimi nina hasira. Hasira nzuri, ile inayomfanya mtu asimame wima.

Tantine Générose, mdogo wake mama, ana kansa ya mlango wa kizazi. Daktari amemwandikia matibabu ya mionzi, lakini jimbo letu lote halina mashini hiyo. Inabidi avuke ziwa hadi Kigoma, aendelee mpaka Dar es Salaam, kule ninakosomea fizikia ya tiba. Amekataa. Mume wake, Papa Léonard, amemwambia mionzi itamuunguza tumbo lote, arudi maiti.

Leo nimekwenda kwao na chupa yangu ya jeli.

Nilimwomba mwalimu wangu anipe nije nayo likizo, nikaisafirisha ndani ya barafu, kwenye kasha la samaki, maana joto la huku lingeiyeyusha. Tunaipika wenyewe maabara: maji, gelatini, na dawa ambayo ikipigwa mionzi inashikana na kuwa nyeupe. Palipopata mionzi mingi panakuwa peupe zaidi. Hivyo kabla mgonjwa hajalala chini ya mashini, tunaweza kuipiga jeli kwanza, halafu tukaipima tuone kama dozi imefika pale tulipopanga.

Papa Léonard hakuiangalia hata kidogo. "Mutoto, umesomea mashini yenye haiko kwetu. Sasa unatuletea chupa?"

 Nilimjibu papo hapo.

"Ndiyo, Papa. Nimeleta chupa, sababu maneno yangu mulikataa."

Nikaiinua dirishani bila kufungua kifuniko, kwa kuwa dawa yake ni sumu. Nikawaonyesha wingu jeupe katikati, kubwa kama ngumi ya mtoto: hapo ndipo tulipolenga mionzi kule maabara. Kandokando, mwanga ulipita. Tantine akasogea, akaipokea, akaizungusha polepole.

"Hapa pembeni kuna ukungu kidogo," akasema.

Ningeweza kumdanganya.

"Ndiyo, Tantine. Mionzi inapita hapo pia. Utachoka, pengine utaharisha. Na kupona, siwezi kukuapia. Lakini hatupigi ovyo. Tunapima."

"Umesikia!" Papa Léonard akaruka. "Yeye mwenyewe anakubali!"

Tantine akanirudishia chupa, akamgeukia mume wake. Sijawahi kumwona akimtazama hivyo.

"Njo hiyo nilikuwa natafuta, Papa Léonard. Wengine munaniambia nitakufa, wengine munaniambia nitapona. Huyu njo muntu wa kwanza ananiambia yenye anajua na yenye hajui. Nitaenda."

"Na hapa nani atapika?"

"Una mikono."

Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya mkubwa wangu.

Hakucheka yeye. Alitoka nje, akakaa kibarazani akitugeuzia mgongo, na mpaka naondoka hakuniaga. Najua jioni hii ndugu zake watasema nimemfundisha Tantine kiburi. Waseme. Tantine ni mgonjwa, si mali ya mtu, na mwili unaokwenda kupigwa mionzi ni wake.

Naogopa? Sana. Safari ni ndefu na ugonjwa haukusubiri tumalize kubishana.

Jumamosi tunavuka, yeye na mimi. Papa Léonard akitaka kutusindikiza, nafasi ipo. Asipotaka, mashua haitamngoja.