Nimeziba Pengo la Binamu Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu shangazi yangu ameanza kujitilia shaka na chanzo ni mimi. Nina studio ya picha, na binamu yangu alipofariki shangazi aliniletea picha ndogo ya karatasi, mwanawe amesimama ukutani na wenzake wa karakana, akasema, "Mtoe humo, nimpate peke yake," nikaiskani nikamrudishia, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mweupe nikatumia kile kifimbo cha kwenye kompyuta ambacho ukibofya rangi moja kinachagua zote zinazofanana nayo, nikafuta, ukuta ukaondoka, kumbe jua lilikuwa limempiga sikio la kulia likang'aa kama ukuta, na kifimbo kikaondoka nalo. Waombolezaji wameshajaa, baba ananipigia simu, basi nikanakili sikio la kushoto, nikaligeuza, nikalibandika kulia, likakaa vizuri hata nikajipongeza.

Mshauri, binamu yangu tulimwita Pengo. Sikio lile la kulia lilichanwa na seng'enge ya shule siku tuliyotoroka pamoja, halikuunga tena. Msibani mwenzake wa karakana alisimama kando ya picha akasema pengo la marehemu halitazibika, nami nikatazama sikio nikaona nimeshaliziba.

Shangazi ameitundika sebuleni. Juzi akaniuliza, "Hivi mwanangu alichanika sikio gani?" Nikamjibu, "Picha iko sawa, shangazi, ni mwanga tu huo." Akasema, "Basi nimeanza kumsahau." Je, niibadilishe picha kimyakimya akiwa hayupo, au nimwambie?

*

Fundi picha,

Pole kwa msiba. Pole yangu inaishia hapo.

Kosa lako la kwanza ni la kazi. Kifimbo hakijui sikio wala ukuta, kinajua rangi. Kipe ukuta mtupu. Penye sikio, nywele au vidole, ikuze picha mpaka uone ukingo, uzungushie mstari kwa mkono wako, kisha kifiche usichokitaka badala ya kukifuta, ili ukikosea ukirudishe. Haya yote unayajua. Ulikuwa na haraka, na haraka ya msibani inasameheka.

La pili halimo kwenye kompyuta. Mama wa watu aliona sawasawa, wewe ukamwambia haoni. Sikio lilikuponyoka, lakini kumbukumbu yake umemnyang'anya kwa macho makavu. Na ukiibadilisha picha kwa siri, atakuta sikio limechanika lenyewe ukutani, aamini kabisa kwamba akili imemruka. Usithubutu.

Nenda leo. Mwambie, "Shangazi, wewe ulikumbuka, mimi ndiye niliyeharibu." Akifoka, usijitetee, na habari za waombolezaji na simu ya baba ziache nyumbani. Kisha mwombe ile picha ya karatasi, mwende naye studio, umpe kiti kando yako. Sikio lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele na jua limelififisha, kwa hiyo utahitaji mtu anayelijua. Lizungushie mstari kuanzia chini, panda polepole. Ukifika lilipochanika, toa mkono kwenye maus na umuulize pengo lilikuwa na kina gani.

Fuata kidole chake.