Kikombe cha Mama

Dundori,
Julai 2021.

Kwa dada yangu Jebet,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai u mzima, na duka la Gilgil halikuchoshi sana. Mama amepona kabisa, amerudi kukamua ng'ombe mwenyewe. Kwa hivyo usijisumbue kuja. Ninaandika kwa sababu kuta zetu ni za mbao, na nikipiga simu atasikia hata akiwa zizini.

Huku bado ni Jebet, Jebet. Pasta alitangaza kanisani kwamba wewe ndiwe uliyemrudisha Mama kutoka kaburini. Mimi niliyekamua, nikachota maji, nikaacha uji mlangoni asubuhi na jioni, nilikuwa nimeketi benchi la pili. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Najua, Corona ilikuwa imekushika ukapona, ndiyo maana Mama akasema ni wewe tu utakayeingia chumbani kwake, mimi nisikanyage. Lakini nilikuwa nawasikia mkicheka! Mtu hata pumzi hana, na bado anacheka na wewe. Mimi na Mama hatujawahi kucheka hivyo. Nilisimama pale nje sufuria ikinichoma vidole, nikakuonea wivu, dada, hata huo ugonjwa wako.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama halijui. Siku moja ulinipa vyombo vyake nikavioshe, na kikombe chake kilikuwa kimebaki na chai. Niliinywa yote. Sikukosea, nilitaka. Nilitaka niugue upesi, nipone kama wewe, kisha niruhusiwe kuingia. Ikachelewa. Mama akapona, wewe ukaondoka, ndipo nikaanguka.

Basi nimempata. Nimelala kitandani kwake, ananikanda kifua kwa kitambaa cha moto, haniachi ila akienda kukamua, kama sasa. Lakini hatucheki. Analia tu, akisema ni yeye aliyeniambukiza, na kwamba nikifa hatajisamehe. Nikijaribu kumweleza, kikohozi kinanikata, naye ananiambia ninyamaze, ni homa inayosema.

Nimeandika usije. Njoo, Jebet. Naogopa. Njoo umwambie kwamba si yeye, ni mimi. Wewe atakuamini.

Kipketer atakufikishia barua hii akileta viazi sokoni. Wasalimie wote hapo, na unawe mikono ukimaliza kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Chepkemei