Hodi ya Neema Huko Alabama

Dada Salome,

Nilikuwa nimeandika "hujambo" hapo juu, nikaifuta. Umri wote huu na bado sijui namna ya kumsalimu mtu aliyekufa. Najua ungecheka. Mdogo wako Edisoni, anayepiga soga na madereva wa Zambia mpaka wanasahau foleni, leo kakosa salamu.

Tunduma malori yamejaa kama ulivyoyaacha, nami natoa mizigo forodhani mpakani vilevile, tumbo likitangulia, mwenyewe nikifuata. Mibuni yako kule Igamba imezaa. Shangazi anaisimamia, na wachumaji anawatukana kwa niaba yako. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya kahawa. Ni binti yako Neema.

Unakumbuka ulivyotamba kanisani siku alipopata nafasi ya udaktari Alabama? Chuo cha serikali ya jimbo, kinachotanguliza watoto wa hapohapo, na yeye kachukuliwa kwa kuwa makaratasi ya ukaazi anayo, na kaahidi kwamba akimaliza atatibu vijijini mwa jimbo hilo. Ulipowaambia akina mama kwamba hata Marekani kuna vijiji ambako mjamzito husafiri mbali kumtafuta daktari, walidhani umezidisha chumvi. Sasa wanakuamini. Marehemu huaminiwa haraka.

Ulipofariki, makaratasi yake hayo ya ukaazi yalikuwa yanafanywa upya. Angetoka Marekani, asingeruhusiwa kurudi. Hakukuzika, dada. Alilia kwenye simu mpaka nikaiweka mezani nikatoka nje.

Halafu chuo kikawaingiza wanafunzi kwenye chumba cha kujifunzia mwili wa binadamu. Meza yake na wenzake ilipewa maiti ya bibi mmoja aliyeusia mwili wake upewe wanafunzi. Jina hawaambiwi, uso umefunikwa. Neema akaona mikono tu, akatoka mbio. "Mjomba, ni mikono ya mama." Na unajua sisi kwetu: asiyemzika mzazi wake hagusi maiti ya mtu mwingine mpaka aonyeshwe kaburi. Wewe ndiye uliyemfundisha hilo, tena kwa kidole cha kuonya. Utamwelezaje mwalimu wa Alabama? Aliambiwa tu kwa upole: asipoingia wiki ile, mwaka umempotea, na nafasi atapewa mwingine.

Nikamkimbilia Shangazi. Akafikiri, akasema kaburi linaweza kuonyeshwa kwa simu, ila mguu na mkono wa Neema lazima viwepo. Yaani mtu avae nguo yake, asimame badala yake. Nguo pekee aliyoiacha nyumbani ni sweta ya shule. Dada, niliivaa. Iliishia juu ya kitovu. Shangazi akanitazama, akasema, "Mwanangu Neema, umenenepa." Hapo tulicheka, na ndicho kicheko cha mwisho siku ile.

Ilikuwa jioni kaburini kwako, kwa Neema ndiyo kwanza asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mibuni. Hata mbwa wa jirani hawakubweka. Niliweka simu kwenye sauti kubwa. Neema akasema, "Hodi, mama."

Pakaitika, "Karibu."

Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Umeitika wewe?" akaniuliza.

"Nilidhani ni wewe."

Ningesema ni mtandao wa Igamba, ule unaorudisha maneno. Lakini mtandao hurudisha ulichosema. Haujibu. Tena ilikuwa ile "karibu" yako ya kuvuta, ya mtu aliyeinama jikoni. Neema wala hakushtuka. Alijitambulisha, akasema kwa nini alichelewa, akaniambia, "Mjomba, tupa udongo." Nikatupa. Nusu ya udongo ule mwekundu ikaingia kwenye mkono wa sweta.

Kesho yake akaingia chumbani. Akapiga hodi mlangoni, wenzake wakashangaa. Akafunua ule mkono, akaushika. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Maiti iliyooshwa, ikatiwa dawa, ikahifadhiwa miezi! Mwalimu alisema udongo wa Alabama ni mwekundu, pengine bibi alipenda bustani, walioosha wakapitiwa. Nami nimekubali hivyo. Mwenye akili akinipa maelezo huwa siyarudishi.

Basi Neema anasoma. Amefaulu mtihani wa kwanza wa chumba kile, wenzake nao sasa hupiga hodi kabla ya kuingia, kwa lafudhi ya kuchekesha. Ningepaswa kuishia hapa na kukushukuru.

Lakini juzi aliniambia kitu kwa furaha, kikanikaa vibaya. Anasema kila asubuhi anaitikiwa. Huwatangulia wenzake, hukaa pale peke yake, anakusimulia ya jana. Nikimpigia simu, siku hizi hapokei kama zamani. "Nilikuwa na mama," ananiambia, kama mtu aliyetoka sokoni.

Dada, kumwitikia mara moja ilikuwa haki yako, na ilikuwa haki yake. Umemfungulia mlango akapita. Sasa nakuomba, mimi niliyekuwa nikikuomba hata maandazi yako: usimwitikie tena. Mtoto anayeitikiwa na wafu kila siku huacha kuwaita walio hai, na kule vijijini kuna wanawake wanaomsubiri na matumbo yao. Anyamaziwe. Atalia, najua. Alie.

Nami nakuahidi: atakapokaa kimya pale asisikie kitu, akapiga simu, nitapokea. Hata nikiwa chini ya lori, hata afisa wa forodha akiwa amenikunjia uso. Atakaposema hodi, nitamwitikia mimi.

Lala, dada. Lala sasa.

Mdogo wako,
Edisoni