Ilaisaane, Kumbe Kalolaine Alikuwa Anauliza

Tuko ukurasa wa thelathini na moja wa daftari lako, dada. Mimi nasoma maelezo, mke wangu Losa anakunja vidole kuyafuata, na Kalolaine ameketi mbele yetu anangoja. Leo umetimia mwaka tangu tukuzike hapa Pangai, na nguo nyeusi tumezivua asubuhi.

Ulirudi kwetu baada ya kupika miaka sita katika shule ya watoto viziwi kule Nuku'alofa. Lugha ya ishara ulijifunzia jikoni, kwa watoto wenyewe waliokuja kuomba muhogo zaidi. Ulimkuta binti yetu Kalolaine, kiziwi, ana miaka saba na hana hata neno moja. Akitaka maji alituvuta nguo. Akiumwa alilia tu, nasi tukabahatisha tumbo au sikio. Miezi michache mikononi mwako, akawa anasema ni jino, la chini, la kushoto.

Losa hasahau siku uliyoingia jikoni unacheka.

"Wifi, mtoto wako kanidanganya leo! Eti keki kaila nguruwe."

"Na wewe unachekelea?"

"Nisicheke vipi? Mwaka jana uongo angeutolea wapi? Mpe keki nyingine!"

Mimi niliyasikia hayo nikiwa barazani. Kwa mila yetu kaka hakai chumba kimoja na dada yake, na heshima hiyo hatukuivunja hata siku moja. Mlipokuwa ndani mnafundishana, nilikuwa naona migongo yenu dirishani. Losa naye alisema atajifunza kazi zikipungua. Simlaumu mtu. Lakini ulipoondoka, maneno yote ya mtoto yalibaki yamefungiwa ndani yake. Daftari ulilotuandikia lilikuwa sandukuni mwako, na sanduku lako hatukuwa na moyo wa kulifungua mpaka mwezi uliopita.

Unakumbuka alivyougua homa, ukalala naye mkeka mmoja siku nne. Yeye akapona. Wiki iliyofuata ukaanguka wewe, na daktari akasema ni moyo, ule ule uliokusumbua tangu Nuku'alofa.

Toka hapo, kila jioni Kalolaine alikuja mbele yetu. Alijigusa kifua, akagusa paji la uso, akaonyesha mkeka wako, akainua nyusi. Sisi hapa tukiinua nyusi tumesema ndiyo. Nikamwambia Losa, "Anasema anamkumbuka shangazi yake." Basi tukainua na sisi zetu, ajue tuko pamoja naye. Aliondoka, na kesho yake akarudi na mambo yale yale.

Jumanne ndipo nilipofika ukurasa huu. Umeandika: "Nyusi zikipanda, anauliza. Msidhani anakubali."

Alikuwa anauliza kama homa yake ndiyo iliyokuua. Mwaka mzima tumemjibu ndiyo.

Leo tumemwambia hapana, kiganja mbele ya kifua kama ulivyochora, mara tatu. Siyo wewe. Kalolaine akashusha nyusi. Hilo liko ukurasa unaofuata: anataka sababu. Losa akajaribu kusema "moyo".

"Umemwambia kafa kwa nazi," nikasema.

"Basi njoo useme wewe, mwalimu!"

Kalolaine hakucheka. Aliushika mkono wa mama yake, akausogeza chini kidogo, akarudi kuketi, akangoja tena.

Hatujui bado kusema "tangu zamani", na bila neno hilo atadhani moyo nao uliharibiwa na homa yake. Nimelitafuta mpaka ukurasa wa arobaini, sijaliona. Tumeishia hapo. Tumemwambia "kesho"; neno hilo tunalijua.

Unakumbukwa na mama yetu Vaimoana, wifi yako Losa, binti yetu Kalolaine, na mimi kaka yako Sitiveni. Hutatutoka moyoni, Ilaisaane, siku zote tutakazojaliwa.