Ukiwa wa Kwanza Kuamua

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Kiogoro tu wazima, na mume wangu mpya anaimba akikamua ng'ombe!

Unauliza kwa nini kwenye poka, huo mchezo wa karata, unashindwa ukiwa wa kwanza kuamua. Ni kwamba hujui walio nyuma yako wameshika nini, kwa hivyo ingia na kadi nzito tu.

Ujanani tulicheza kwa maharagwe, na aliyeishiwa aliwapikia wengine ugali. Nikiwa wa kwanza, nilitupa mfalme na kumi, nikajitoa mzunguko huo.

"Mwoga wewe!" Nyamweya, kijana mwenzetu mchezoni, akanicheka.

Baadaye, nikiwa wa kwanza tena, nikapata wafalme wawili, nikaweka maharagwe yote. Akanifuata na yake yote, akashindwa, akaishiwa. Alisonga ugali akinitazama, nami nikaringa!

Majuzi tulikutana tena Magwagwa, mimi mjane, yeye mgane. Ndiye huyo mwimbaji wangu. Na wa kwanza kusema "Tuoane" nilikuwa mimi, maana nilijua nimeshika nini.

Nyanya yako, bibi harusi